Bei ya Siku ya Mvua

Mume wa Nakijwa alikuwa akifa kwa njaa huku ameshiba.

Kila alfajiri, ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kuanza kunasa kwenye nyavu za maji, Elikunda alitoka nje, akainua uso, akajidondoshea kutoka kichupani tone moja la umande katika jicho la kushoto, kisha akaketi juu ya jiwe. Mwili ulibaki pale. Mwenyewe alikwenda. Uso ulimlainika, taya zikatafuna kitu kisichokuwapo, na kila baada ya muda aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kumrusha ndege:

"Nakijwa."

Hapo mkewe alijua kwamba ameshafika. Tangu binti yao azaliwe hakuna mtu pale mlimani aliyemwita kwa jina hilo. Kwa majirani alikuwa Mama Navo, na kwa mumewe vilevile. Nakijwa alikuwa yule wa ndani ya tone.

Alimsubiri arudi, kisha akamwekea bakuli magotini.

"Baba Navo, kunywa uji."

"Nimeshakula."

"Umekula nini?"

"Ndizi na maharage." Alimtazama kwa mshangao wa upole. "Si umeniletea mwenyewe?"

Umande ulipotoka kwa mara ya kwanza ulikuwa dawa ya wazee. Waliosahau majina ya watoto wao waliwekewa tone jichoni, na siku moja ya zamani ikawarudia nzima, pamoja na jua lake, harufu yake na ladha ya kilicholiwa. Mzee akizinduka alikuwa anawajua watu wake tena, walau mpaka jioni. Kisha wakatokea wa kuujaribu wakati hawajasahau chochote. Mwanzoni mtu alijichagulia siku: leo harusi yake, kesho ubatizo wa mwanawe. Baadaye siku moja ilizishinda nyingine zote, ikawa yenyewe ndiyo inayomchagua mtu. Tumbo nalo likadanganyika, maana kilicholiwa siku ile kilitosha. Kule Gonja walikuwa wamekwisha kuzika watu waliokutwa na tabasamu usoni na mbavu za kuhesabika.

Siku ya Elikunda ilikuwa siku ya mvua. Nakijwa aliisikia kipande kipande, kutoka kinywani mwa mtu aliyelala macho wazi. Banda la mlinzi wa mfereji, pale kwenye ndiva, bwawa la maji ambalo mababu walilichimba. Tangawizi imeng'olewa. Mawingu yanashuka. Msichana anakuja mbio na kikapu kichwani, mvua ikimfukuza kwa nyuma, anacheka.

Alasiri moja, akiwa anashona wavu uliochanwa na upepo, alimsikia mumewe akisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu mzima, iliyo kavu:

"Mama Navo. Nitafutie mahali."

Sindano ikasimama.

"Nimechoka kushiba," Elikunda alisema, akajitazama vifundo vya mikono kana kwamba ni vya mtu mwingine.

*

Mahali pa kutibiwa umande palikuwa pawili.

Pa kwanza ni Kituo cha Upokezi, Moshi. Aliyeingia pale alitoka ndani ya juma moja, mzima, akila kwa mikono miwili. Bei yake ilikuwa shamba. Si kwa mfano: Nakijwa alipopiga hesabu, shamba lote la tangawizi pamoja na fungu lao la maji ya nyavu ndivyo vilivyotosha, na mnunuzi alikuwa tayari, anangoja sahihi mbili.

Pa pili ni nyumba moja juu, kwenye ukingo wa msitu wa Shengena, ambako watu walikaa miezi na miezi wakizungumza. Bei yake ilisemwa kuwa ndogo, na wengi waliokwenda walirudi na kichupa mfukoni.

"Mpeleke Moshi," majirani walisema. "Shamba hununuliwa tena. Mume je?"

Elikunda mwenyewe alichagua Moshi. Basi wakashuka mlima kwa gari la waya, wakining'inia juu ya mawingu, yeye amelala begani kwa mkewe, mwepesi kama tita la kuni kavu. Nakijwa aliutazama ukungu chini ya miguu yao akafikiri kwamba wakidondoka hawatafika popote, wataendelea kuelea tu.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mwanahija, mwanamke mwenye maneno machache na macho yaliyokosa usingizi.

"Kiu ya umande haikai katika damu, mama," alieleza. "Inakaa ndani ya siku yenyewe. Tukiitoa siku, kiu huifuata, kama ndama na mamaye. Mumeo ataamka hajui kama kulikuwa na siku hiyo. Hatatamani asichokijua."

"Na hiyo siku mnaitupa wapi?"

"Haitupwi. Hapo zamani walijaribu. Siku isiyo na pa kwenda humvuta mwenyewe nyuma yake, mgonjwa akabaki anapumua lakini hayupo. Ndiyo maana tuna wapokezi. Mtu anakubali kuibeba."

"Pamoja na kiu?"

"Pamoja na kiu." Daktari hakuyakwepa macho yake. "Tunampa dawa ya kuituliza. Analala hapa, anakula hapa, ujira wake mnono. Hatumlazimishi mtu. Na sheria inataka mwonane kabla hamjalipa."

Mpokezi alikuwa ghorofani, kwenye kibaraza kinachotazama mlima. Mtu wa makamo, mashavu mapana yaliyolegea, suruali imepigwa pasi. Alisimama kwa heshima walipoingia.

"Karibu, dada. Karibu, shemeji. Mimi Singano, wa Korogwe." Aliwavutia viti. "Msiwe na wasiwasi, nafasi imebaki moja na nimewatunzia."

Alikuwa mcheshi. Aliwasimulia jinsi alivyopiga tarumbeta kwenye harusi za watu mpaka midomo ikaota sugu, na yeye mwenyewe asipate kuoa. "Sasa nina harusi tatu," alisema.

"Za kupokea?" Nakijwa aliuliza.

"Za kupokea." Akajigusa kipaji cha uso kwa kidole. "Lakini humu ndani zinajuaje kama si zangu? Nimevaa suti, bibi harusi amenishika mkono, mama yangu anapiga vigelegele."

"Mama yupo bado?"

Upepo ulipita kibarazani, ukainua pembe ya kitambaa cha meza, ukaishusha.

"Yupi?" Singano aliuliza taratibu. "Yupo mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua. Na yupo mwingine, ana kovu hapa, shavuni. Wote wawili walinibeba mgongoni, dada. Nayasikia mapigo ya mioyo yao hapa kifuani. Mmoja wao ndiye wangu." Akacheka, ila kicheko kilimwishia njiani.

Elikunda alikuwa ameinamisha uso. Nakijwa hakujua kama alikuwa amesikia au alikuwa kwingine.

*

Mchana ule walifanya jaribio. Kabla siku haijahamishwa, kipande chake huonjeshwa mpokezi kwa muda mfupi, kuona kama akili yake itakipa nafasi, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Waliwalaza sambamba, Elikunda kitanda hiki na Singano kile, uzi mwembamba kuliko unywele ukipita kati yao. Nakijwa aliambiwa asubiri kwenye ujia.

Alikaa kwenye benchi. Kuta zilikuwa nyeupe, mwanga mweupe, pazia lilivuta pumzi na kuitoa. Akawa katika mang'amung'amu, hajalala wala hayuko macho, akaona ujia umejaa ukungu na yeye anautembea bila miguu, akitafuta nyavu za kuutega. Pazia likafunguka. Singano akatoka, peku, muuguzi akimfuata kwa nyuma bila haraka. Alipofika mbele yake alisimama.

"Nakijwa," alisema.

Sauti ilikuwa ya Singano. Namna ya kutamka haikuwa yake.

"Mvua hiyo inakuja. Ingia ndani."

Nakijwa aliihisi miguu yake ikitii. Alikuwa amekwisha kuinuka nusu alipojikamata. Kwa miaka mingi hakuna aliyemtazama hivyo. Mumewe alikuwa ameyaweka macho hayo kwa ajili ya yule msichana wa banda la ndiva, na leo yalikuwa mbele yake, katika uso wa mgeni, yakimpenda kwa upendo wa mtu mwingine. Alitaka kulia. Aibu ya kweli ni kwamba alitaka pia kubaki palepale.

"Ulivyokuwa unacheka!" Singano alisema. "Umelowa chepechepe. Keti, maharage yatapoa."

Kisha kitu kikamtoka usoni, taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Akatazama huku na huku. Alishika pindo la kanga ya Nakijwa, akamgeukia muuguzi.

"Iko wapi? Mbona imekatika? Iliyobaki mtanipa lini?"

"Kesho, mzee, wakishalipa. Twende ukapumzike."

"Kesho saa ngapi? Nipeni hata kidogo. Nipeni ile ya mwanzo tu, anapotokea na kikapu."

Akamtazama tena Nakijwa, na sasa macho yalikuwa yale aliyoyazoea nyumbani kila alfajiri, kabla ya tone. Muuguzi alivibandua vile vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, kwa upole wa mtu aliyezoea.

Daktari Mwanahija alipokuja kumwambia kwamba jaribio limekubali vizuri sana, Nakijwa alikuwa amesimama.

"Sitalipa," alisema.

"Mama, yule amekubali. Sahihi yake ninayo."

"Hata mume wangu alikubali tone la kwanza, daktari."

Daktari aliikunja karatasi ya sahihi. "Nimewaona wake wengi wakisema hivyo," alisema. "Baadhi yao nimesikia wamezika. Nakwambia ujue, sikutishi. Na usipoileta wewe siku hii, mwingine ataleta yake. Nafasi ya Singano haitabaki wazi."

Nakijwa alilijua hilo. Halikumsaidia. Kama angekuwa hajamwona yule mtu, kama pindo la kanga lingekuwa halina joto la vidole vyake, angetia sahihi hata mara kumi.

Elikunda alipoamka akaambiwa, hakupiga kelele. Hakuwa na nguvu za kupiga kelele. Walikuwa kwenye kituo cha gari la waya, wawili tu, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mimi nilikuwa tayari kuiacha," alisema. "Unajua ilivyo kazi kwangu kusema neno hilo? Niliwaambia wachukue."

"Najua."

"Umemwonea huruma mtu baki, mimi mumeo ukaniacha."

"Sijakuacha. Tunakwenda Shengena."

"Nikifia huko, utamwambia Navo baba yake alikufa kwa sababu ya nani?"

Gari likaja, likafunguka, wakaingia. Lilipoinuka, alimfunga mumewe kwa kanga ileile asipate baridi, naye hakumzuia wala hakumshukuru.

*

Nyumba ya Shengena ilitunzwa na Mama Eliaichi, ambaye zamani alisoma taarifa za habari redioni. Mlima mzima uliijua sauti yake, na wagonjwa wengi waliposikia akiwakaribisha walifikiri ni ndoto.

"Ada ni mahindi na maharage ya mwezi, mkiwa nayo," alimwambia Nakijwa jikoni, wakichambua mboga. "Hiyo ni ndogo. Nikwambie ile kubwa. Umande humwonyesha mtu kile tu ambacho macho yake yaliona. Kwa hiyo siku yake haina nyuma, haina kando, imekuwa chumba anachoingia na kutoka. Sisi tunamfanya aisimulie, kila asubuhi, mpaka iwe maneno. Lakini peke yake hawezi. Lazima apatikane mwingine aliyekuwamo, aisimulie kwa upande wake. Kwenye siku ya mumeo, nani mwingine alikuwamo?"

"Mimi."

"Basi tuna bahati. Wengine watu wao wamekwisha kufa." Mama Eliaichi alitupa shina chini. "Sharti ni moja. Usimdanganye. Uongo ni umande mwingine. Na nitajua, si kwa sababu nina akili nyingi, bali yeye atatulia haraka mno."

Nakijwa aliendelea kuchambua majani ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Walimnyima tone, na majuma ya kwanza yalikuwa ya kutetemeka. Elikunda alitapika uji, akalia bila machozi, akaota ndoto za kawaida zikamtisha kwa sababu hakujua zitakwishaje. Wakamlisha kwa kijiko kama kitoto. Kidogo kidogo akaanza kusimulia. Aliisimulia siku yake kama mtu anayesali, maneno yaleyale, kituo kilekile cha pumzi, na alipofika kwenye kicheko cha msichana uso wake uling'aa hata wagonjwa wengine walinyamaza wakamtamani.

Nakijwa alisikiliza kila asubuhi akiwa ameketi nyuma. Kila asubuhi Mama Eliaichi alimwangalia, naye akatikisa kichwa: bado.

Nakijwa alipotoka nje alitembea ndani ya ukungu wa msitu, ambako miti ilijitokeza mmojammoja na kuyeyuka tena, akajiuliza ni haki gani aliyonayo. Ile ilikuwa siku pekee ambayo mumewe alimpenda waziwazi. Akiivunja, patabaki nini cha kurudia? Mgonjwa dhaifu namna ile aweza kukata tamaa akageukia ukuta. Na tena, kwa nini asikiri, alikuwa amemzoea yule msichana. Alimpenda. Alitamani angalau mtu mmoja duniani aendelee kuamini kwamba Nakijwa alikuwa hivyo.

Ikafika asubuhi ambayo Elikunda alisimulia, akamaliza, halafu akamwomba Mama Eliaichi, kwa adabu kabisa, wampe tone moja tu, la mwisho, aiage. Nakijwa akaona mkono wa mumewe ukienda wenyewe kwenye jicho la kushoto.

Akavuta kigoda mpaka mbele, karibu na moto.

"Baba Navo," alisema, "anza tena. Mimi nitasimulia na wewe."

Elikunda alimtazama kwa shaka. "Nilikuwa kwenye banda la ndiva," alianza. "Mawingu yanashuka. Nikakuona unakuja na kikapu, unakimbia. Umeniletea ndizi na maharage."

"Sikuwa nakuletea."

Elikunda akaukodolea moto macho.

"Kile chakula kilikuwa cha njiani," Nakijwa alisema. Maneno yalikuwa yameshapata mlango. "Chini ya majani ya tangawizi, ndani ya kikapu, kulikuwa na nguo zangu. Zote. Nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nilifika kwenye kijito nikakuta maji yamefurika, gogo la kuvukia limechukuliwa, ikabidi nigeuke. Nilikimbia kwa sababu ya radi. Ukaniona, ukafurahi, ukanipokea kikapu, ukafungua chakula ukaanza kula. Nikashindwa kusema."

"Ulikuwa unacheka," Elikunda alisema.

"Nilikuwa nalia. Uso ulikuwa na maji."

Kuni zilipasuka motoni. Elikunda aliinua mkono akafunika jicho, kama mtu aliyeingiwa na mchanga, na sauti iliyomtoka haikuwa neno. Kisha akainuka. Alijikongoja kati ya vigoda, akafika mlangoni, akaufungua, na ukungu ukaingia ndani mpaka magotini pao.

Nakijwa alijua njia ilivyo pale nje. Inashuka moja kwa moja hadi Gonja, ambako vichupa viliuzwa sokoni kama chumvi. Alitaka kumkimbilia. Mama Eliaichi akamwekea mkono gotini, asimzuie.

Elikunda alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye nguzo, mgongo umewageukia. Alisimama hivyo mpaka baridi ikafika kwenye moto. Alikuwa ameingia katika siku ile asubuhi zisizo na idadi, akalijua kila tone la mvua yake, kila ufa wa ukuta wa banda, na hata mara moja hakuwahi kujiuliza kikapu kile kilibeba nini.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kwetu. Usangi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naishi nyumbani kwako mwaka mzima," Nakijwa alisema, "na hukuwa umeniuliza neno lolote. Wala kama nimelala vizuri."

Elikunda akaegemeza kipaji cha uso kwenye nguzo. Mama Eliaichi alijikohoza, akasema kwa ile sauti ya redio, lakini chini sana, "Kwa leo yatosha. Tusimchoshe mgonjwa."

Elikunda alifunga mlango. Alirudi akipapasa, macho mekundu, akakivuta kigoda chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaketi. Alimtazama mkewe usoni, kwa tabu, mtu asiyejua ataona nini.

"Aendelee," alimwambia Mama Eliaichi.

Nakijwa akavuta pumzi, akaanza na asubuhi ile, kabla ya mvua.